Kabla ya kumcheka asemaye 'Me, I', tusome kwanza historia ya Kiingereza chenyewe

WALIMU wetu wa Kiingereza wana orodha ndefu ya makosa wanayodai hutokana na lugha za nyumbani. Karibu na kilele cha orodha hiyo hukosi kukuta sentensi kama "Me, I don't like tea" au "My father, he is a farmer". Mwanafunzi akiiandika, wino mwekundu unamngoja. Akiitamka darasani, wenzake wanaangua kicheko. Huambiwa kwamba amefikiri kwa Kiswahili, Kikamba au Dholuo kisha akatafsiri. Eti Mwingereza mwenyewe hawezi kusema hivyo hata siku moja.

Sehemu ya kwanza ya dai hilo ina ukweli fulani, nami nitaurudia baadaye. Sehemu ya pili haina. Wasemaji wa Kiingereza, kwao Uingereza, wamekuwa wakivihamisha na kuvirudufu viwakilishi vyao kwa zaidi ya miaka 1,000 ili kutilia mkazo wanachokisema. Katika makala hii ninakusudia kuonyesha jinsi walivyofanya hivyo, na jinsi njia hizo za kawaida zilivyokuja kuitwa makosa. Hoja yangu ni nyepesi: mkazo huchakaa. Chombo cha kutilia mkazo kikitumiwa kila siku hupoteza makali kama kisu cha jikoni, na wasemaji hulazimika kutafuta kingine. Tunachokiita kosa, mara nyingi, ni hicho kisu kipya.

Tuanze na Kiswahili

Hebu mfikirie abiria wa matatu anayedaiwa nauli mara ya pili. Anaweza kusema "Nimelipa", na taarifa ikakamilika, kwa kuwa kiambishi 'ni-' kimeshamtaja mtenda. Akiona utingo ameanza kumkazia macho atasema, "Mimi nimelipa." Utingo akimwelekezea jirani yake shukrani za noti ile, atageuza: "Nimelipa mimi!" Ubishi ukipamba moto tutasikia "Ni mimi niliyelipa" na hata "Mimi ndiye niliyelipa". Ukweli wa malipo ni uleule katika sentensi zote tano. Kinachobadilika ni mahali anapotaka msikilizaji aelekeze macho. Yambwa nayo tunaiweka mbele bila taabu: "Kitabu nimekisoma, jarida bado."

Kiswahili kina uhuru huu kwa sababu kitenzi chake kimebeba mizigo yote. Kiambishi cha mtenda kimo ndani, na cha mtendwa kinaweza kuwamo pia. Kiwakilishi 'mimi' kinabaki huru, kikisubiri kazi maalumu ya mkazo.

Sasa tazama Kiingereza cha leo. Kitenzi "paid" hakimtaji mtu yeyote. Lazima useme "I paid" hata kama huna ubishi na mtu. Kwa hiyo "I" imo katika kila sentensi ya mtu anayejisemea, imechoka, na aghalabu hutamkwa kwa haraka kiasi cha kutosikika. Msemaji anayetaka kusema 'mimi, wala si mwingine' ana njia ya kupaza sauti juu ya "I". La sivyo, atafute njia nyingine. Historia ya njia hizo nyingine ndiyo tunayoifuatilia.

Wakati ambapo mpangilio ulikuwa huru

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kile kinachoitwa Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu na mwaka 1100, kilikuwa na maumbo ya maneno yaliyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Chukua sentensi "Se cyning geseah thone biscop", ambayo nimeiandika kwa herufi za leo. Maana yake ni 'Mfalme alimwona askofu'. Ukiigeuza ikawa "Thone biscop geseah se cyning", bado ni mfalme aliyeona na askofu aliyeonwa. Neno dogo "se" lilimtambulisha mtenda, na "thone" likamtambulisha mtendwa. Msemaji aliyetaka kumpa askofu uzito alimtanguliza tu, wala hapakuwa na utata wowote.

Mabaki ya mpangilio wa kale yangalipo. Waingereza husema "Here comes the bus", kitenzi kikitangulia nomino. Lakini wakitumia kiwakilishi husema "Here it comes". Hakuna asemaye "Here comes it". Katika Kiingereza cha Kale pia, neno lililotiwa mkazo likiwekwa mwanzoni, kiima kilicho nomino kilielekea kufuata kitenzi, ilhali kiwakilishi kilipenda kukitangulia. Mtu anayesubiri basi mjini London leo hajui kwamba anaifuata desturi ya mababu wa karne nyingi zilizopita.

Kisha yale maumbo yakaanza kufifia. Silabi za mwisho, ambazo hazikuwa na mkazo wa sauti, zilitamkwa kwa uvivu hadi zikafanana. Watu kutoka Skandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9 waliongea lugha ya karibu na ya wenyeji, yenye mizizi inayofanana na miisho tofauti. Inaelekea mchanganyiko huo uliharakisha mambo. Ni wao waliokiachia Kiingereza kiwakilishi "they". Kufikia wakati wa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, miisho mingi ya nomino ilikuwa imetoweka.

Lugha ikalipa gharama. Kwa kuwa maumbo hayakumtambulisha tena mtenda, nafasi ndiyo iliyobaki kufanya kazi hiyo: anayetangulia kitenzi ametenda, anayekifuata ametendwa. Ukimtanguliza askofu sasa, unakuwa umemfanya yeye ndiye aliyemwona mfalme. Ni viwakilishi pekee vilivyobaki na sura mbili, yaani "I" na "me", "he" na "him", "we" na "us". Ndiyo maana mpaka leo mtu anaweza kusema "Him I trust" bila kueleweka vibaya.

"It am I" na safari ya "me"

Mkazo ulihitaji makao mapya. Mojawapo lilikuwa muundo unaoanza na "it". Katika Kiingereza cha Kale mtu aliyetaka kusema 'ndimi' alisema "ic hit eom", yaani, neno kwa neno, 'mimi hicho niko'. Katika zama za Chaucer watu walisema "it am I", kitenzi kikiendelea kupatana na "I". Baadaye "it" iliyokaa kwenye kiti cha kiima ikachukua mamlaka yote ya kiima na kitenzi kikapatana nayo: "it is I". Sasa "I" ikajikuta nyuma ya kitenzi, mahali ambapo masikio ya Mwingereza yalikuwa yamezoea kusikia mtendwa. Kufikia mwisho wa karne ya 16, "it is me" ilikuwa imeanza kuonekana hata katika maandishi.

Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyeichunguza Kiingereza kuliko wenyeji wengi, alilijadili suala hili katika kitabu chake Progress in Language cha mwaka 1894. Alionyesha kwamba nafasi ndani ya sentensi haikuwa sababu pekee. Sauti pia ilichangia, kwa kuwa "me" ina kina kimoja na "he", "she" na "we", ambazo zote ni za mtenda. Isitoshe, mtu akiulizwa "Who wants tea?" hujibu "Me!" Kiwakilishi kinaposimama peke yake, bila kitenzi cha kukiegemea, ni umbo hili lenye nguvu linaloitwa. Wafaransa wana "c'est moi". Wadenmaki nao walikuwa na "det er jeg" yenye umbo la mtenda, wakaja kusema "det er mig". Majirani hawa wote walipita njia hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba umbo la mtendwa kuchukua nafasi ya mtenda ni uharibifu wa lugha. Nawaomba watazame neno "you". Zamani "ye" ilikuwa ya mtenda na "you" ya mtendwa. Katika karne ya 16 "you" ilianza kuivamia nafasi ya "ye", na kufikia mwisho wa karne hiyo ilikuwa imeinyang'anya. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 iliendelea kuzitenganisha, lakini mazungumzo yalikuwa yameshaamua. Leo hakuna profesa wala askofu anayesahihisha "You are late" ili iwe "Ye are late". Kosa likienea kwa watu wote huitwa kanuni.

Hata "self" ina hadithi kama hii. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa neno la kutilia mkazo, sawa na 'mwenyewe' yetu. Kiwakilishi cha kawaida "him" kingeweza kumaanisha yeye mwenyewe au mtu mwingine. Watu waliongeza "self" ili kuondoa shaka, wakaongeza tena na tena, hadi "himself" ikawa ya lazima katika sentensi kama "He hurt himself" na ikapoteza mkazo wake pale. Hapo kisu kilikuwa kimeshakuwa butu.

Kilatini chaingia darasani

Ni nani basi aliyeipeleka "it is me" mahakamani? Katika karne ya 18 tabaka la kati la Uingereza lilikuwa likikua, na watu walitaka vitabu vya kuwaonyesha namna ya kusema kama wakubwa. Mwaka 1762 Robert Lowth, msomi wa Kilatini na Kiebrania ambaye baadaye angekuwa Askofu wa Oxford na kisha wa London, alichapisha sarufi fupi ya Kiingereza. Alieleza kwamba baada ya kitenzi "to be" kiwakilishi lazima kiwe katika umbo la mtenda. Hivyo ndivyo ilivyo katika Kilatini. Katika tanbihi zake Lowth alifikia hatua ya kuwasahihisha waandishi wakubwa wa lugha yake, Shakespeare akiwemo.

Si kila mtu aliyekubali. Joseph Priestley, ambaye wengi wetu tulikutana naye katika somo la kemia kwa sababu ya utafiti wake kuhusu oksijeni, aliandika pia sarufi ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1761. Alikiri kwamba wanasarufi wote wanadai umbo la mtenda baada ya "to be", kisha akasema kwamba mazungumzo ya kawaida na mifano ya waandishi bora inaelekea kutupa kanuni iliyo kinyume. Alikuwa mwanasayansi, alitaka kuanza na yale yanayoonekana.

Priestley alishindwa. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, alitoa sarufi ya shule iliyochota sana kutoka kwa Lowth. Ilichapishwa upya mara nyingi mno pande zote mbili za Atlantiki, na vizazi vya watoto vikaikariri. Vitabu vya shule vilivyofika Afrika Mashariki pamoja na ukoloni vilikuwa wajukuu wa mapokeo hayo.

Mimi ni wa kizazi kilichosoma sekondari katika miaka ya 1970. Mwalimu wetu mmoja alisisitiza kwamba ukibisha mlango wake akauliza "Who is it?", sharti ujibu "It is I". Tulitii mlangoni pake. Kwingineko kote tulisema "It's me", kama walivyosema Waingereza wawili waliokuwa wakitufundisha sayansi.

Matokeo ya mafunzo kama hayo huonekana mahali pasipotarajiwa. Mtu aliyekemewa mara nyingi kwa kutumia "me" huanza kuiogopa hata inapostahiki. Ndiyo maana utamsikia msomi, Mkenya kwa Mwingereza, akisema "between you and I", ilhali kwa kanuni zilezile za Lowth ilipasa kuwa "between you and me". Kanuni iliyokusudiwa kuleta usahihi imezaa hofu, nayo hofu ikazaa kosa jipya.

Vichwa na mikia

Kwa muda mrefu mabishano haya yalifanywa kwa kutazama maandishi. Mambo yalibadilika kinasa sauti kilipoingia jikoni na sebuleni. Katika miaka ya 1990, Ronald Carter na Michael McCarthy wa Chuo Kikuu cha Nottingham walisimamia ukusanyaji wa mazungumzo ya kawaida yenye jumla ya maneno yapatayo milioni 5, watu wakipiga gumzo, wakila, wakinunua vitu. Sentensi za aina ifuatayo zilikuwa tele: "That fellow next door, he's bought a car." Nyingine zilikuwa na nyongeza mwishoni: "He's clever, that boy."

Wanasintaksia walikuwa na jina la muundo huu tayari, jina linalotokana na lugha ya hospitali: kuteguka. Nomino 'imeteguka' kwenda kushoto au kulia, kama kiungo kilichotoka mahali pake. Carter na McCarthy walilipinga wazo hilo. Waliona kwamba hakuna kilichoteguka. Mazungumzo yana nafasi yake mbele ya sentensi na nyingine nyuma yake. Wakaziita vichwa na mikia. Kichwa humwambia msikilizaji tunamzungumzia nani kabla hatujamwambia habari zake, jambo la msaada mkubwa kwa mtu asiyeweza kurudi nyuma na kusoma tena. Mkia nao aghalabu hubeba hisia: sifa, lawama, mzaha. Kaskazini mwa Uingereza mikia hupambwa hata kwa kitenzi: "She's a good cook, is my mother."

Kwa hivyo "My father, he is a farmer" ni kichwa na mwili wake. "Me, I'd rather walk" husikika Leeds na London. Tofauti iliyopo kati yao na sisi ni ya kiasi. Wao huitumia zaidi wanapolinganisha, na husita kidogo baada ya "me". Sisi huitumia mara nyingi zaidi, tena bila kusita. Hapa ndipo ule ukweli wa walimu wetu ulipo: lugha zetu za Kibantu na nyinginezo zimetuzoesha kumtaja mtu mbele na kumrudia ndani ya kitenzi. Tumekuta mlango katika nyumba ya Kiingereza, tukaufungua wazi zaidi kuliko wenye nyumba.

Hatuko peke yetu. Wairishi walipohama kutoka lugha yao kwenda Kiingereza, mchakato ulioshika kasi katika karne ya 19, walibeba namna yao ya kuweka mbele neno lenye uzito. Wakasema "It's tired I am" na "It's to Galway he went". Baba wa nyumba wakamwita "himself", kama vile mgeni wetu anavyouliza mlangoni, "Mwenyewe yupo?" Huko New York, Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki walileta mazoea ya Kiyidishi, na sentensi kama "A doctor he's not" zikaingia katika Kiingereza cha mji ule. Mwanaisimu Ellen Prince aliuandikia muundo huo uchambuzi mwaka 1981. Leo Wamarekani wasio Wayahudi huutumia wanapotaka kuchekesha, na haupewi wino mwekundu.

Mkazo unavyochakaa

Narudi kwenye kisu chetu. Katika Kilatini, "canto" peke yake ilitosha kumaanisha 'ninaimba'. "Ego" iliongezwa kwa mkazo. Katika Kifaransa, "je" iliyotokana na "ego" ikawa ya lazima na mkazo wake ukaisha. Mfaransa anayetaka mkazo leo husema "moi, je chante". Talmy Givón, aliyezitafiti lugha za Kibantu, alitoa hoja mwaka 1976 kwamba viambishi vya upatanisho katika lugha huzaliwa hivyohivyo: kiwakilishi hurudiwa baada ya nomino, hupungua nguvu, kisha hunata kwenye kitenzi. Huenda basi 'ni-' ya "nimelipa" nayo iliwahi kuwa neno lililosimama kwa miguu yake.

Nenda sasa ukawasikilize vijana wa Nairobi. "Mi naenda", "mi sijui", "mi nakuambia". Hiyo 'mi' haina mkazo wowote. Imefupishwa na kusogezwa karibu na kitenzi. Anayetaka mkazo kweli husema "Mimi, mi siendi." Mwenye masikio ataona kwamba hiyo ndiyo "moi, je" ya Wafaransa, na ndiyo "Me, I" tunayoicheka.

Sisemi kwamba mwanafunzi aandike "Me, I" katika insha ya mtihani. Maandishi rasmi yana desturi zake, na msomaji anayeweza kurudia mstari hahitaji kichwa wala mkia. Mwalimu ana wajibu wa kumfundisha mtoto desturi hizo. Lakini amwambie ukweli: kwamba sentensi yake ni ya mazungumzo, kwamba Waingereza huisema pia, na kwamba darasani leo tunajifunza rejesta nyingine. Mtoto anayeambiwa kwamba kinywa chake kimeharibika hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hasahihishiki.

Kwa walimu wanaonisoma, nina zoezi moja. Andikeni ubaoni zile sentensi tano za abiria wetu, kuanzia "Nimelipa" hadi "Mimi ndiye niliyelipa". Waulizeni wanafunzi ni wakati gani mtu husema kila moja, kisha watafute Kiingereza cha kila moja: "I've paid", "I've paid" yenye sauti iliyopazwa, "It's me that paid", "I'm the one who paid" na kadhalika. Watagundua wenyewe mahali lugha hizi mbili zinapokutana na zinapoachana. Na mmoja wao akisema "Me, I've paid", muulizeni alikuwa akibishana na nani.